Kilomita Niliyoifuta Nikicheza Mpira

Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto wanne, nimewahi kushika funguo za depo nzima ya kampuni ya shaba, na bado kuna jambo moja ambalo likinijia nikiwa naoga nasimama na sabuni mkononi nasema peke yangu "aa, hapana, hapana", mpaka mke wangu ananiuliza kutoka nje kama nimeanguka. Sijaanguka. Nakumbuka tu. Leo nitawasimulia, mcheke mnapoweza kucheka, maana mimi mwenyewe kuna sehemu nacheka, lakini nawaomba mtakapofika pale kwenye jubile mnionee huruma kidogo, au basi, msinionee, sistahili sana.

Ilikuwa ule mwaka bei ya shaba ilipoanguka. Mliokuwa Lubumbashi mnakumbuka: kampuni zilifungwa moja baada ya nyingine, wazungu na Wachina wakaondoka na begi moja moja, tanuru zikapoa, na mtaani kwetu Hewa Bora ukitoka saa nne asubuhi ulikuta wanaume wamekaa mbele ya milango wamevaa bado buti za kazi, kana kwamba basi la kampuni limechelewa tu. Mimi nilikuwa magasinier, mtunza depo, kwenye kampuni moja upande wa Kambove. Siku ya mwisho mkuu wetu alifungua ile nyumba waliyokuwa wakilala mainjinia akatuambia kila mtu achukue kitu kimoja, aende nacho kwake, na Mungu atusaidie sote. Wenzangu walikimbilia magodoro na friji. Mimi niliona sanduku jeusi linalong'aa, karibu yake kibodi, nikajiambia: hii ni kompyuta, mtu mwenye kompyuta hawezi kufa njaa. (Rafiki mmoja alinionyesha friji ndogo nzuri kabisa. Nilimwambia friji ni mambo ya jana.) Nililipakata lile sanduku juu ya lori mpaka Lubumbashi, na nilipofika kwetu niliwatangazia majirani kabla hata ya kuwasalimu.

Nikaliunganisha na televisheni, familia nzima imekaa. Ikapigwa muziki, akatokea mchezaji mmoja ameshika mpira kwapani, tukaombwa kuchagua timu.

Mke wangu Godelive aliangalia kwa muda. "Njo ordinateur?"

"Njo ordinateur. Kompyuta ya kisasa."

"Na ule muntu wa ball anafanya nini mule?"

Akarudi kwenye sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa akiyatwanga. Yaani badala ya kompyuta nilikuwa nimebeba mashine ya michezo, ile ya kuchezea mpira na magari, na kwa kuwa nilikuwa nimeshatangaza, nilipendelea kufa kuliko kukubali. Ndipo nikaipeleka kwa Trésor, fundi wa simu kule mtaa wa Kenya, karibu na soko. Trésor alicheka mpaka akafuta macho, halafu akanipa tumaini.

"Papa, hii ni kintu ya kuchezea, lakini iko na nguvu. Tunaweza kutiamo système ingine kando. Bantu banafanyaka vile kule Ulaya."

Akaishika siku mbili. Iliporudi ilikuwa na pande mbili: upande wa michezo kama zamani, na upande wa pili uliokuwa kompyuta kweli, na programu ya kuandikia, na mafaili, na saa pale kwenye kona. Ilikuwa nzito, ukibofya neno unangoja, na ilipata joto mpaka Godelive akaondoa kile kitambaa chake cha kusuka alichokuwa ameitandikia juu. Lakini iliandika. Trésor alinipa onyo moja tu, akanishika mkono ili nisikie vizuri: "Siku moja upande wa michezo itakuomba mise à jour, kutiamo programu mupya. Usikubali. Hata iombe namna gani, usikubali. Benye kuitengeneza habapendi hii mambo. Ukikubali, mulango yenye nilifungula itajifunga, na bintu yako yote itabakiamo." Nikamwambia mimi nimetunza depo miaka tisa, kufuata agizo ndiyo kazi yangu.

Sasa niwajulishe mkwe wangu, Papa Numbi. Huyu ni baba yake Godelive, mtu wa kaskazini ya Katanga, chef de train mstaafu, yaani ndiye aliyekuwa mkuu wa treni safarini, mwenye filimbi na bendera. Kwao mume wa binti hafanyi mzaha na baba mkwe. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa namsalimu nikiwa nimeinamisha macho, nakaa kiti cha karibu na mlango, nakula nimempa ubavu, naondoka. Jina langu hakuwahi kulitaja, alikuwa anasema tu "bwana ya Godelive". Na tangu nilipopoteza kazi hata hilo lilipungua. Niliona alivyokuwa ananiangalia mikono.

Jumapili moja baada ya misa akaja kuiona hiyo kompyuta aliyoisikia mpaka kwake Kenya. Macho yake yalikuwa yameshapata ukungu, karatasi hawezi tena kuisoma bila kuigusisha pua, na hilo lilimuumiza kuliko miguu. Mimi, kwa kutafuta tu la kufanya, nikaandika "NUMBI" na kuzikuza herufi mpaka kila moja ikawa kubwa kama kiganja, zikajaa televisheni nzima. Mzee akaketi wima.

"Njo miye ule?"

"Eyo, papa. Njo mweye."

Akavuta kiti chake mbele. Akavuta tena. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Andika. Nilizaliwa Kabalo."

Ndivyo ilivyoanza. Kila Jumapili alikuja, anasema, naandika, anasoma maneno yake kwenye televisheni akisogeza midomo, na nikikosea herufi ananionyesha kwa fimbo. Alinieleza mambo ambayo watoto wake wa kumzaa hawakuwahi kuyasikia. Jumapili ya nne aliniita "mwana". Ndugu zangu, mwanaume ambaye hana kazi, ambaye mke wake anamwambia pole hata anapofunga kamba za viatu, halafu mtu kama yule anamwita mwana. Niliingia chumbani nikakaa kitandani peke yangu. Familia ilikuwa inaandaa jubile ya miaka hamsini ya ndoa yake, wakati wa kiangazi, na mzee akaamua siku hiyo maisha yake yasomwe mbele ya watu, na msomaji niwe mimi. Nilikuwa nina kazi tena.

Ndani ya maisha hayo kulikuwa na sehemu moja aliyoizunguka wiki nyingi. Ile miaka ya mafujo, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika nyumba zao na kulala kwenye stesheni wakingojea treni ya kuwarudisha Kasai, treni mojawapo ilikuwa mikononi mwake. Ilijaa mpaka juu ya mabehewa. Mbele ya stesheni ya Tenke akafa mama mmoja, mgonjwa, ana watoto. Papa Numbi alisimamisha treni, jambo ambalo lilikuwa limekatazwa, akachimba kaburi yeye na wanaume wengine wawili kando ya reli, akavua kofia, akasema Baba Yetu, na akaandika kwenye kijitabu chake cha kazi namba ya kilomita iliyokuwa kwenye nguzo ya jirani, ili siku moja mwenye mtu wake aweze kumpata. Alikaa na namba hiyo miaka yote, bila mtu kuja kuiuliza.

Na mwaka huo, sijui niseme Mungu au bahati, akapiga simu mwanamke kutoka Mbuji-Mayi, Mama Ngalula. Wakati ule alikuwa na miaka tisa, ana homa, amelala ndani ya behewa mama yake anazikwa. Baba yake naye alishafariki. Alichokuwa nacho ni jina la chef de train tu, alilopewa na shangazi, na alikuwa ameliuliza parokia kwa parokia mpaka akampata. Mimi nilikuwepo mzee akipokea simu. Alisikiliza muda mrefu, akamwambia aje kwenye jubile, atasomewa yote. Nikamuuliza kwa nini asimtajie namba palepale, basi mama wa watu atulie.

"Mambo ya vile hatusemake ku telefone. Akuye, aikale, asikie na masikio yake, bantu banasikia."

Jumapili iliyofuata alileta kile kijitabu. Mchwa walikuwa wamekila mpaka kimebaki kama jani la kabichi lililoshambuliwa, lakini ule ukurasa ulisomeka, niliusoma mimi, akanisemea yote, nikaandika, akaiona namba pale kwenye televisheni, kubwa, akaitazama muda. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu.

"Papa, hii karatasi mchwa banaisha kuimaliza, italeta bengine mu nyumba. Tuitupe. Yote inaisha kuingia mu mashine. Mashine haisahau."

Akanitazama. "Kweli?"

"Kweli, papa."

Godelive alikuwa anawasha mbabula, jiko lake la makaa, uani. Mzee akakitia kile kijitabu mwenyewe katika makaa, akasimama pale mpaka kikaisha, akasema sasa ameutua mzigo. Mtaniuliza: na nakala? Flashi? Karatasi? Nilichapisha kurasa tatu za kwanza kwenye duka la mjini, za kuzaliwa na ubatizo, kumwonyesha mzee itakavyopendeza. Zilizobaki nilisema nitazichapisha zote kwa mara moja kitabu kikiisha. Mimi, mtunza depo.

Wiki tatu kabla ya jubile, Jumamosi, nilirudi kutoka kwenye geti la kampuni moja iliyosemekana inaandika watu. Tulisimama pale tangu saa kumi na moja alfajiri, wakachukua vijana sita, mimi mlinzi aliniita "mzee" akanisogeza pembeni. (Nilikuwa na miaka arobaini na mbili.) Nikafika nyumbani nimenuna, Godelive yuko sokoni, na mlangoni namkuta Didier, mdogo wake Godelive, naye kazi hana, naye amenuna, ila ana sahani mpya ya mchezo wa mpira ameazima kwa mtu. Tucheze kidogo, bo-fre, akaniambia shemeji yangu huyu, tusahau. Nikawaza: upande wa michezo uko palepale, nani amekatazwa kucheza? Nikaitia ile sahani. Badala ya mpira ukaja ukurasa wa maandishi: mise à jour, bila hiyo mchezo huu hauchezeki, ungependa kuendelea?

Nilikumbuka onyo. Sitadanganya, nililikumbuka neno kwa neno.

"Ni mambo ya kawaida," Didier akasema. "Bonyeza tu."

Na mimi, siku ile, baada ya lile geti, nilitaka mahali pamoja tu ambapo nachagua timu na nashinda. Nikabonyeza.

Ule mstari ukatembea taratibu, mashine ikajizima, ikajiwasha, tukacheza. Didier alinifunga tatu kwa moja. Alipoondoka nikataka kurudi kwenye upande wa pili nisahihishe ukurasa wa treni, nikautafuta. Nikautafuta tena. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipiga kidogo pembeni, nikaichomoa na kuchomeka, nikapiga magoti mbele ya televisheni kama mtu wa kusali. Pale palipokuwa na mlango wa kompyuta hapakuwa na neno hata moja, kama vile haujawahi kuwepo.

Nilimkimbilia Trésor na lile sanduku kifuani. Alilifungua, akaliangalia, akalifunga.

"Ulikubali?"

"Nilikubali."

Hakucheka safari hii. Alinieleza kwamba maneno ya mzee yamo bado humo ndani, ila hakuna tena wa kuyafikia, si yeye, si mtu mwingine hapa Lubumbashi. Nikamwomba asimwambie mtu. Hilo ndilo lilikuwa wazo langu la kwanza, ndugu zangu. Sikumwaza yule mwanamke wa Mbuji-Mayi. Niliwaza mzee ataniita nini.

Basi nikaanza ujanja. Jumapili nikamwambia mzee televisheni ina hitilafu, lakini anisimulie tena ile ya treni, niangalie kama nukta zimekaa sawa.

"Ju ya nini? Si iko mule?"

"Iko, papa. Ni nukta tu."

Akanisimulia kwa kuchoka, kama mtu anayerudia hesabu iliyokwisha. Lakini yule mama sasa alikufa asubuhi, wakati mara ya kwanza alikufa jioni, na wachimbaji sasa walikuwa wanne badala ya watatu. Nilipofika kwenye namba akapunga mkono. "Ile inaandikwa. Nisumbuke nayo tena ya nini?" Alikuwa amekaa na namba ile miaka kumi na saba akiirudia moyoni kila alipopanda kitandani, na tangu nilipomwambia mashine haisahau, ameacha kuirudia. Nilitakiwa kusema palepale. Mdomo ulifunguka kabisa, akaingia Godelive na chai, mzee akasema, "Mwana yangu Godelive, hii bwana yako iko muntu," nikaufunga.

Hakuna usingizi nilioupata wiki zile. Mwishowe nikafanya kile ambacho mtu mwenye akili hawezi kukiamini: nilienda mjini nikatengenezesha jalada zuri jekundu lenye jina la mzee kwa herufi za dhahabu, mbele nikatia zile kurasa tatu za kweli, na ili kitabu kinenepe nikajaza karatasi nilizokuwa nazo nyumbani, fomu za depo ya kampuni, za vifaa vilivyotoka. Nilijiambia nitasoma zile tatu polepole sana, halafu nitatunga, watu watakuwa na njaa, padri atakuwa na haraka, itapita. Namba niliyoiandika mwenyewe sikuikumbuka hata tarakimu moja, kwa hiyo nitataja yoyote. Ndiyo, mmesikia. Nilikuwa tayari kumpa mwanamke yatima namba yoyote.

Siku ya jubile misa ilikuwa nzuri, wazee wawili wamevaa kitenge kimoja, na mchana watu wakajaa uani kwa mzee kule Kenya, chini ya turubai, wajukuu, majirani, wastaafu wa reli na kofia zao, padri mezani mbele. Mama Ngalula alikuwa mstari wa kwanza. Nilimtambua bila kuonyeshwa, mwanamke mwembamba ameketi ncha ya kiti, mkononi kalamu na daftari jipya limefunguliwa ukurasa wa kwanza. Amesafiri siku nyingi kwa ajili ya ule ukurasa.

Nikaitwa. Makofi. Nikasoma Kabalo. Nikasoma ubatizo. Nilisoma polepole mpaka jina la padri aliyembatiza nililisoma mara mbili. Kurasa tatu zikaisha. Nikafungua ya nne, mbele yangu kuna orodha ya helmeti, na nikaanza kutunga kwa sauti kubwa, masomo yake, walimu wake, na kijasho kinanitiririka mpaka kwenye kola.

"Ruka kule," Papa Numbi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Enda ku treni. Mama anangojea."

Nikageuza karatasi nyingi kwa pamoja. Nikasema yule mama alifariki, treni ikasimama, kaburi likachimbwa, "kwenye kilomita mia nne na themanini." Nikaona kalamu ya Mama Ngalula inaanza kuandika.

"Haiko ile," mzee akasema.

"Mia nne na… tisini, papa. Mwanga si mzuri."

"Sikusemaka ile. Lete."

"Papa, nitasoma tena."

"Lete."

Akainuka mwenyewe, akatembea mpaka nilipo na watu wote wanamwangalia, akanichukua kile kitabu mikononi. Alitoa kioo cha kukuzia, alichopewa zawadi asubuhi ileile na wastaafu wenzake, akainamisha uso mpaka pua ikagusa ukurasa, na akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma kila kitu.

"Casque ya jaune, douze. Botte ya caoutchouc, pointure quarante-deux, six. Gants…"

Watu wakasikia helmeti, buti na glavu, wakacheka. Walidhani ni mzaha wa familia, hata padri alicheka, mtu mmoja akapiga makofi. Mzee akageuza ukurasa. "Corde. Seau." Kamba, ndoo. Akageuza tena. Vicheko vikapungua kidogo kidogo, na mwishowe akabaki mtu mmoja nyuma anacheka peke yake, naye akanyamaza.

"Kitabu iko wapi?"

"Haiko tena, papa. Ilifutika."

"Nani aliifuta?"

Nilimwona Didier anaangalia viatu vyake. "Miye, papa."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nacheza ball."

"Ku terrain gani, kiwanja gani?"

"Mu televizyo, papa. Ile mashine… ni ya kuchezea ball."

Godelive alikuwa amesimama na sahani za wali mikononi, hakuziweka chini wala hakutembea. Mzee alifikiri, akauliza kwa upole kabisa, na huo upole ndio unaonikamata bafuni mpaka leo: "Na ulishinda?"

"Hapana, papa. Balinipiga tatu kwa moja."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata habari ya kutosha. Hakunitukana. Alivuta kiti, akakaa mbele ya Mama Ngalula magoti yao yakikaribiana, na yule mwanamke akamwambia, "Papa, kumbuka kidogo tu. Siombi yote."

Mzee akafumba macho. Tulisikia jirani anatwanga. "Cinq cent seize," akasema. Midomo ikaendelea kusogea. "Hapana. Vingt-six. Cinq cent vingt-six." Akafumbua macho, na yalikuwa na machozi, mzee ambaye mke wake wa ndoa ya miaka hamsini alisema hakuwahi kuyaona. "Kulikuwa pont, daraja yenye haina maji. Nilikuwa naijua, mama. Kila siku nilikuwa naijua. Baliniambia mashine inaishika, njo nikaiachilia."

Mia tano kumi na sita, au mia tano ishirini na sita. Mama Ngalula akaziandika zote mbili. Hakuna aliyekula vizuri siku ile, na mimi nilirudi Hewa Bora kwa miguu, nyuma ya mke wangu, ambaye hakugeuka mara moja.

Kitu kimoja nilichokifanya vizuri katika mambo haya yote ni kwamba kesho yake nilienda kumwambia Mama Ngalula nitamfikisha. Kumbe naye alishaamua. "Utanipeleka," akaniambia kabla sijamaliza salamu. Nililiuza lile sanduku kwa mtu wa michezo, na seremala akanitengenezea misalaba miwili, Mama Ngalula mwenyewe akaandika jina la mama yake juu ya yote miwili kwa rangi nyeupe, herufi zilezile, bila kufanya mmoja kuwa mzuri kuliko mwingine. Sijamwambia mtu yeyote tangu hapo atupe karatasi, hata risiti ya soko, na Jumapili naenda kwa mzee na daftari la shule, naandika kwa mkono, ukurasa ukijaa nauandika tena kwenye daftari la pili, linabaki kwake. Mara nyingine ananisimulia. Mara nyingine anasema amechoka, nakaa tu karibu na mlango.

Tulipofika mbele ya Tenke tulifuata reli kwa pikipiki mbili, misalaba imefungwa nyuma yangu. Kwenye kilomita mia tano kumi na sita kulikuwa na daraja dogo lisilo na maji. Nikakata nyasi, nikachimba, nikausimika msalaba, akapiga magoti, akaongea na mama yake kwa Kiluba cha kwao muda mrefu, akimweleza nadhani habari za watoto, maana alikuwa anahesabu kwa vidole. Halafu tukaenda kilomita kumi zaidi. Na pale kulikuwa na daraja dogo lisilo na maji.

Aliniangalia. "Weye unawaza ni wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi nyamaza."

Akapiga magoti tena na kuanza upya, tangu mwanzo, watoto wote, vidole vyote, bila kufupisha hata kidogo. Alipomaliza akatangulia kwenye pikipiki, nikabaki na jembe. Nikamwomba yule mama aliyezikwa msamaha kwa sauti, nikitaja jina lake. Nilikuwa nimefanya hivyohivyo kule kwenye msalaba wa kwanza, kwa sababu sikujua ni wapi angenisikia.